Tuhamie Casuarina au tubaki Shella?

SWALI

Bi Mkubwa shikamoo. Sisi twakaa Shella hapa Malindi, nyumba ya familia ya mume wangu, tuko na watoto watatu na mavyaa. Sasa baba watoto amepanda cheo na amepata nyumba ya kukodi Casuarina, ya Mtaliano, ina bustani na swiming puli, asema kodi ataimudu na tukipapenda tutanunua kabisa. Watoto hawalali kwa furaha. Mimi nauza mahamri na mbaazi mlangoni kila asubuhi na moyo wasita, lakini nikifungua mdomo naambiwa sitaki maendeleo. Nifanyeje?

Mama Watatu, Shella

JIBU

Marahaba mwanangu. Hilo la maendeleo usilijibu, mwambie mkae mpige hesabu.

Cha kwanza kumuuliza mwenye nyumba, Disemba je? Maana nyumba nyingi upande ule, ukishika njia ya Silversands kuelekea marine park, zimejengwa kwa watu wa likizo, wenyewe waja na kaskazi, msimu ukiisha warudi kwao wanaacha askari na shambaboi, ndio maana Mei waweza kupata nyumba kwa bei ya chini halafu Novemba wapigiwa simu ya adabu kweli kweli kwamba mwenyewe aja na familia yake, tafuteni pa kwenda. Na mavyaa mtampeleka wapi? Mkataba uwe wa mwaka mzima, Disemba ndani, na wakili ausome kabla hamjatoa deposit.

Habari ya kununua, taratibu. Kwa Katiba ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi Kenya ila kwa lisi, yaani kukodishiwa kwa muda, isiyozidi miaka 99, kwa hivyo baba watoto afanye serchi ofisi ya ardhi ajue imebaki miaka mingapi na jina lililoko ni la nani.

Sasa mahamri, maana naona ndiyo yaliyokuandikisha barua. Hapo Shella mtu atoka msikitini alfajiri apitia kwako, mtoto atumwa na bakuli la mbaazi, mwengine achukua kwa deni alipa jioni, na wewe hulipi kodi ya duka. Kule geti limefungwa na mbwa wa jirani abweka, nani atabisha hodi kwa hamri mbili? Andika hiyo pesa ilikuwa yalipa nini nyumbani. Kisha ongeza tuktuk za shule, na za jioni tena kurudi Shella chuoni, kwenye madrasa, maana baada ya magharibi hutawaacha wajirudie peke yao, ongeza stima ya pampu, dawa ya puli, askari. Hiyo puli kila mtu aiona kwenye picha, bili yake haiko kwenye picha!

Na mavyaa ameulizwa? Mtu mzima aliyezoea kuketi barazani akisalimiwa na kila apitaye, ukimtia nyuma ya ukuta atabaki na wewe tu kutwa. Wajijua wenyewe.

Sikwambii msiende. Watoto kupata pa kuchezea si jambo dogo, na nyumba ya familia nayo ina maneno yake. Ila nendeni mkaione usiku, tena wakati wa mvua na kusi, majirani wameondoka, na uonje maji ya bomba kama yana chumvi. Chumba chenu Shella msimpe mtu mwaka huo wa kwanza. Na mkihama, tafuta wifi au binamu aendelee kukaanga hapo hapo mlangoni mgawane faida, maana wateja wakishazoea kwa mwengine hawarudi.