Maswali ya Wasomaji: Barua ya Chuo cha Ujerumani Imefika, Sasa Nini?

Maswali ya masomo ya Ujerumani yamekuwa mengi, na karibu yote yanahusu fedha na makaratasi. Tumechagua matano. Viwango tunavyovitaja ni vya mwaka 2025, kwa hiyo kabla hujalipa chochote tazama tena tovuti ya ubalozi.

Kijana wangu amepata nafasi ya uzamili Ujerumani. Tulisikia kule kusoma ni bure, sasa ubalozi unataka yuro 11,904. Kuna mtu anasema tumpe yeye fedha hizo azitume kwa niaba yetu. Hatutapeliwi kweli? (Mzazi, Tanga)

Shikamoo, mzazi wetu. Dai la ubalozi ni la kweli. Wa kumtilia shaka ni huyo anayetaka kuzishika fedha.

Hiyo si ada. Ni fedha za kula na kulala kwa mwaka mmoja, yuro 992 kwa mwezi, ambazo Ujerumani inataka kuziona kabla ya kutoa viza. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya milioni 30. Zinawekwa kwenye akaunti iliyofungwa, Wajerumani huiita Sperrkonto, ambayo mwanafunzi huifungua kwa jina lake mwenyewe kupitia kampuni au benki inayokubaliwa na ubalozi. Akishafika, anatoa yuro 992 kila mwezi, hata akiwa na shida ya kutaka zote kwa mkupuo. Akinyimwa viza, anafunga akaunti na fedha zinarudi, ukiondoa makato. Hakuna hatua hata moja ambapo fedha zinapaswa kupitia mfukoni mwa mtu wa kati.

Wengi hukwama kwa makato ya benki za njiani. Unatuma 11,904, zinafika 11,870, na cheti cha akaunti hakitoki. Kwenye fomu ya benki chagua gharama zote zibebwe na mtumaji, kisha ongeza yuro 100 juu. Jina nalo: lililo kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti, maana jina la babu likiwa huku na kule halipo, mtarudishwa. Tena, malipo ya kwanza hayatoki siku ya kutua. Yanasubiri kijana ajiandikishe mtaani na afungue akaunti ya kawaida, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Asafiri na za kumtosha miezi miwili, pamoja na dhamana ya chumba.

Kuhusu "bure": vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini kila muhula kuna mchango wa kati ya yuro 100 na 400 hivi. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo kama Heidelberg, Freiburg na Stuttgart, tangu 2017 linawatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2024 kuwatoza wanafunzi hao kati ya yuro 2,000 na 6,000 kwa muhula. Vyuo binafsi vina bei zao. Kwa hiyo tazameni barua ya kijana imetoka chuo gani kabla ya kushangilia.

Familia isiyo na kiasi hicho ina njia mbili nyingine: barua ya ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, au ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha asaini ahadi ya kumgharamia kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Ndugu huyo aelewe anachosaini. Mwanafunzi akija kulelewa na serikali, serikali itamdai yeye.

Nina shahada ya kwanza, GPA 3.6. Programu ninayoitaka inasema wastani uwe "2.5 au bora zaidi". Mimi si nimepita mbali? (Msomaji, Mwanza)

Umepita, ila kwa unywele. Ujerumani alama bora ni 1.0 na ya chini ya kufaulu ni 4.0, kwa hiyo namba ikishuka ndiyo sifa. Kubadilisha hutumika hesabu hii: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa uliyopata, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Kwa chuo cha Tanzania chenye kipimo cha 5.0 na kufaulu kuanzia 2.0, GPA yako inakuwa 1.4 gawa kwa 3, mara 3, jumlisha 1. Jibu ni 2.4. Mwenye 3.5, ambapo daraja la pili la juu linaanzia, anaangukia 2.5 kamili. Chini ya hapo mlango wa programu nyingi umefungwa.

Hapa ndipo watu hupoteza nafasi kizembe. Maelezo ya kipimo cha alama mara nyingi yamechapwa nyuma ya transkripti, na mwombaji anaskani mbele tu. Anayekagua asipoona kwamba kufaulu kunaanzia 2.0, hesabu yake inaweza kutoka tofauti. Skani kurasa zote, hata ile unayoiona haina kitu.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayokagua karatasi kwa niaba ya vyuo: yuro 75 kwa chuo cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huohuo. Maombi hayaguswi mpaka malipo yafike. Tarehe ya kawaida ya mwisho ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa wa kiangazi, ingawa programu nyingi za Kiingereza hufunga miezi kadhaa kabla. Tuma angalau wiki nane mapema, karatasi ikikosekana upate muda wa kuileta. Na barua ya kuthibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza isikufanye ulale, vyuo vingi bado vinataka IELTS, mtihani wa Kiingereza.

Nipo Dortmund wiki ya pili. Aliyenipangisha chumba hataki kunipa karatasi ya kujiandikisha, anasema si lazima. (Mwanafunzi mgeni)

Ni lazima, kwako na kwake. Sheria inakutaka ujiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na inamtaka mpangishaji akupe uthibitisho ulioandikwa. Ukikosa hapo kila kitu kinasimama: namba ya kodi, akaunti ya benki mara nyingi, fedha zako zilizofungwa na kibali cha ukaazi. Kibali ndicho kinachouma zaidi kwa sababu viza ya kuingilia ni ya muda tu, na foleni ya ofisi ya wageni ni ndefu.

Anayekataa kutoa karatasi mara nyingi naye ni mpangaji, amekupangisha bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mwandikie kwa barua pepe, si kwa simu, na upeleke nakala ofisi ya mji ukaeleze. Papo hapo anza kutafuta kwingine. Wakala wa huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, ana vyumba vya bei nafuu, ila foleni yake ni ndefu, kwa hiyo omba mapema. Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za maji na joto, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Usiilipe kabla hujakiona chumba.

Ukishajiandikisha, utaletewa bili ya redio na televisheni ya taifa, yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama humiliki redio. Si utapeli. Inalipwa na nyumba, si na kila kichwa, basi waulize mnaoishi nao kama tayari kuna anayelipa.

Nimefeli somo moja mara mbili. (Mwanafunzi, Kassel)

Soma kanuni za mitihani za programu yako leo. Katika programu nyingi jaribio la tatu ndilo la mwisho kwa somo la lazima. Ukifeli unafutwa, na kwa kawaida huwezi kusajiliwa tena kwenye fani hiyohiyo katika chuo kingine cha Ujerumani. Kibali cha ukaazi kinayumba nacho. Kwa hiyo usijisajili kwa jaribio la tatu kwa kubahatisha. Nenda kwa mshauri wa masomo kwanza, omba kuona karatasi zako za nyuma, ni haki yako. Ukiumwa siku ya mtihani, nenda kwa daktari siku hiyohiyo upate cheti. Ukiingia mgonjwa ukafeli, umefeli.

Binti yangu yuko huko tangu Oktoba. Anasema hana rafiki, jua linazama saa kumi jioni, na walimu wanataka abishane nao. (Mama, Mombasa)

Pole, mama. La jua ni kweli, Desemba Berlin giza huingia hata kabla ya saa kumi. La walimu ni desturi tu. Kwenye semina, kuuliza na kupinga kwa hoja si utovu wa adabu, na ukimya husomwa kama hujajiandaa. Kumwona profesa kuna saa zake maalumu, na miadi huombwa kwa barua pepe.

Marafiki kule hawapatikani kwa kukaa darasa moja. Wanapatikana kwenye kitu kinachofanywa kila wiki: michezo ya chuo, ambayo ada yake ni ndogo, au kubadilishana lugha. Na hapo binti yako ana mtaji ambao pengine hajaufikiria. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Hamburg, Bayreuth na kwingineko, na kila mwaka Bayreuth hufanyika kongamano la Kiswahili. Wanafunzi Wajerumani wanaokisoma wanatafuta sana mtu wa kuzungumza naye. Abandike tangazo kwenye idara ya lugha za Kiafrika, yeye atoe Kiswahili cha Mvita, wao wampe Kijerumani. Unga wa ugali aulizie duka linaloitwa Afroshop, miji mingi mikubwa linapatikana.