Pipa "lisilotoa moshi"

SWALI: Shikamoo Bwana Afya. Naishi Chanika, Dar es Salaam. Gari la taka hupita mara moja kwa wiki, likijisikia. Maganda na makombo nayatenga. Pampasi, chupa, viatu vibovu na pakiti za vidonge nachoma uani, majivu natia kwenye mchicha. Jirani analalamikia moshi. Fundi mmoja ananiuzia pipa la kuchomea kwa oili chafu, anasema halitoi moshi. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue.

Siku hizi kila mwenye mashine ya kuchomelea na pipa kuukuu ni mtaalamu wa taka. Anatoboa matundu, anasimamisha bomba, anaita tanuri. Tanuri la kweli huushika moshi kwenye joto la nyuzi 850 kwenda juu kwa sekunde 2 au zaidi, kisha huuchuja. Pipa lake halifiki huko. Na oili chafu ina metali zilizosagika kutoka kwenye injini. Ukiichoma, unazivuta wewe na huyo jirani.

Linalonichosha zaidi ni hii imani kwamba moshi usipoonekana, sumu haipo. Baadhi ya yeboyebo, ganda la nyaya na pakiti nyingi za vidonge ni plastiki yenye klorini. Zikiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu ambayo haina rangi. Sehemu yake hupeperuka, nyingine hubaki kwenye majivu, yale yale unayoyatia kwenye mchicha. Kuku wa kienyeji akichakura hapo, sumu huingia kwenye mayai. Na ikishaingia kwenye mafuta ya mwili wa binadamu, huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu. Majivu ya kuni tupu ni mbolea; haya sivyo. Yachote pamoja na udongo wa juu, nyunyiza maji yasitimke, funga kwenye kiroba yaende na gari. Kuku wasipite hapo.

Gari kuchelewa si sababu ya kuwasha kiberiti. Kinachonuka ni makombo, na hayo umeshayatenga. Chupa kavu hazinuki hata zikikaa mwezi, na waokota makopo wanazitafuta. Pampasi kinyesi kiende chooni kwanza, kisha ikunje, uifunge, isubiri. Ile jeli yake imejaa maji, hata haiungui vizuri.

Wengine nao wameacha kuchoma, wanatupa chooni: betri za tochi na redio, eti zinazuia shimo kujaa. Hazizuii kitu, zinapeleka metali kwenye maji ya kisima. Taa za enaji seva zina zebaki, zisivunjwe wala kuchomwa. Betri za simu hulipuka motoni. Vyote hivi viwekwe kwenye kopo lao lenye mfuniko, mbali na watoto, na siku ya gari mkabidhi mzoaji mkononi ukimwambia kilichomo.