Jibu: Kwa nini majina kwenye ramani ya Brazili ya 1519 yamelala ubavu?

Mkuu, yameandikwa hivyo makusudi. Ramani hiyo ya Atlasi ya Miller (mkusanyo wa ramani za Kireno, uko maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris) imefuata desturi ya ramani za mabaharia: majina huelekea bara, yakikata pwani, ili bahari ibaki wazi. Nahodha mwenye ramani ya aina hiyo aliizungusha ngozi yake mezani kadiri alivyosogea.

Anza na dira iliyochorwa. Mistari inayotoka hapo ni pande 32 za upepo, si latitudo wala longitudo. Ukiipima kama gridi ya leo utapotea. Umbali wa mashariki–magharibi ndio wenye makosa zaidi, kwani longitudo ilikadiriwa tu.

Kisha shika kalenda ya watakatifu. Rio de São Francisco (mto) ni sikukuu ya 4 Oktoba, Cabo de Santo Agostinho (rasi) 28 Agosti. Wareno walibatiza pwani kwa tarehe, hivyo majina ya aina hiyo hukuonyesha mwendo wa safari yao ya kuichunguza pwani hiyo ya 1501–1502.

Wale wakata miti, kasuku na tumbili waliochorwa bara usiwatafutie mahali pao. Ni tangazo la bidhaa: mti wa brazili, uliotoa rangi nyekundu ya nguo. Bendera za Ureno nazo ni madai ya umiliki, si ngome.