Kabla ya Kumwita Saveya: Jamii Inavyopata Hati ya Ardhi Yake Kenya

Msomaji mmoja kutoka Samburu ametuuliza: jamii yao imepata pesa kidogo, je, waanze kwa kumlipa saveya, yaani mpima ardhi? Jibu ni hapana. Saveya hupima kile ambacho watu wameshakubaliana. Kama hawajakubaliana, atakula pesa zenu, atawaachia ramani nzuri, na ramani hiyo itakuwa kielelezo cha kwanza mahakamani siku jirani atakapowashtaki.

Sheria ya Ardhi ya Jamii, nambari 27 ya 2016, ilianza kutumika Septemba 21, 2016. Ilifuta sheria mbili za zamani: ile ya ardhi ya amana, yaani ardhi ambayo mabaraza ya wilaya yaliwashikia wenyeji, na ile ya wawakilishi wa vikundi ya 1968 iliyozaa ranchi za vikundi, yaani malisho ya pamoja yenye hati kwa majina ya wawakilishi wachache. Msingi wake ni kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010. Ardhi ambayo jamii haijaisajili inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao. Kushikilia si kumiliki. Kifungu cha 6 cha Sheria kinaikataza kaunti kuiuza, kuihamisha au kuigeuza ya mtu binafsi. Pesa za fidia zikilipwa kwa ardhi hiyo, kwa mfano barabara ikipita, kaunti inatakiwa kuzihifadhi kwenye akaunti yenye riba mpaka jamii isajiliwe, kisha iwakabidhi. Wengi hawalijui hili, na maafisa wachache sana watawakumbusha.

Kosa la kwanza ni la kawaida mno. Wazee wanaketi chini ya mti, wanachagua kamati, wanaandika majina, wanafunga safari hadi ofisi ya ardhi, halafu wanarudishwa. Chini ya kifungu cha 7, anayeitisha mkutano wa uchaguzi ni msajili wa ardhi ya jamii, tena kwa tangazo kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima na kwa njia nyingine zozote zinazopatikana. Nyinyi mnapeleka ombi, yeye anatoa tangazo. Mikutano yenu ya awali ni ya maandalizi tu, hata kama mlichinja ng'ombe. Na gazeti halifiki manyatta. Hakikisheni tangazo linasomwa kwenye redio ya lugha ya nyumbani, kwenye baraza la chifu, msikitini na kanisani, na mhifadhi ushahidi kwamba lilisomwa: barua ya chifu, risiti ya redio, picha ya tangazo likiwa limebandikwa dukani. Anayetaka kuvunja usajili wenu huanza kwa kusema hakujua kulikuwa na mkutano.

Sasa daftari la wanachama, na hapa ndipo kazi ilipo. Kama mna uwezo wa kufanya jambo moja tu vizuri, lifanyeni hili.

Mkutano mkuu wa jamii ni watu wazima wote waliosajiliwa. Akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa kufanya uamuzi, ni thuluthi mbili ya hao. Fanyeni hesabu. Daftari likiwa na watu wazima 2,400, mnahitaji 1,600 wakiwa wameketi mbele yenu. Sasa tuseme kati ya hao 2,400 kuna 300 ambao ni marehemu, au wameandikwa mara mbili, au walihamia jamii jirani na kujiandikisha huko pia. Watu halisi ni 2,100, lakini idadi inayotakiwa bado ni 1,600. Thuluthi mbili imepanda bila mtu kujua na kuwa zaidi ya robo tatu. Jamii nyingi zimekwama hapo: mkutano wa kwanza haukufikisha akidi, wa pili vilevile, watu wakachoka, na saini zikaanza kughushiwa.

Daftari la zamani la ranchi ya kikundi msilinakili. Mara nyingi lilikuwa na wanaume walio vichwa vya familia peke yao, wengi wao wameshafariki. Anzeni upya, boma kwa boma. Kila mstari uwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, kijiji, na familia au ukoo. Mke aandikwe kwa jina lake kwenye mstari wake. "Na wake zake" hayo ni maneno ya daftari la 1970. Kifungu cha 30 kinasema anayeoa au kuolewa ndani ya jamii anakuwa mwanachama moja kwa moja, na mjane habanduki kwa sababu mume amekufa. Kuna viongozi wanaoacha wanawake nje kwa makusudi ili akidi iwe nyepesi. Kweli inakuwa nyepesi, mpaka siku mwanamke mmoja atakapokwenda kortini na kazi nzima ianguke.

Vijana waliofikisha miaka 18 na bado hawajapata kitambulisho, waandikwe kwenye orodha ya kando pamoja na nambari ya karatasi ya kungojea, kisha wahamishwe wakipata kadi. Bandikeni daftari la rasimu hadharani, shuleni, dukani na penye kisima, watu walisome na kulalamika. Kelele za wiki hizo ni nafuu kuliko za miaka inayofuata. Pia pelekeni nakala kwa jamii jirani mlinganishe majina, kwa sababu familia za mpakani hupenda kujiandikisha pande zote mbili, na hata ingekuwa sisi tungefanya hivyo.

Tarehe ya mkutano nayo ina siasa zake. Katika nchi ya wafugaji, mkutano wa Agosti au Septemba ni mkutano wa wazee na wanawake, kwani morani, vijana wa kiume wachungaji, wako mbali wakiandamana na mifugo. Fanyeni baada ya mvua ndefu, mifugo ikiwa imerudi karibu. Msigongane na siku ya soko. Orodha ya mahudhurio iwe na nambari ya kitambulisho, kijiji na saini au alama ya dole gumba kwa kila mtu, na kila ukurasa uandikwe juu tarehe, mahali na ajenda. Orodha isiyo na kichwa cha habari inaweza kubandikwa kwenye mkutano wowote, na imewahi kutokea watu wakaja kwa ajili ya chakula cha msaada, majina yao yakaishia kwenye mkataba. Nunueni vidau vya wino vya kutosha. Watu mia kadhaa wakisubiri kidau kimoja juani, nusu yao watakwenda zao kabla ya kura.

Kamati ya usimamizi ni watu 7 hadi 15. Tungeshauri 9 au 11, idadi isiyogawanyika kwa mbili ili kura zisilingane, na watoke kwenye vijiji au kanda za malisho, si kwa koo peke yake. Baada ya hapo mnawasilisha kwa msajili jina la jamii, daftari, muhtasari wa mkutano na kanuni zenu. Kanuni ni mahali watu wanapofanya uvivu. Tumesoma kanuni za jamii ya wafugaji zikizungumzia mashamba ya mpunga, kwa sababu zilinakiliwa kutoka kwingine na hakuna aliyezisoma. Andikeni zenu: nani mwanachama na anapotezaje uanachama, kamati inakaa miaka mingapi, nani anatia saini benki (wawe watatu, mmoja wao mwanamke), malisho yanafungwa na kufunguliwa lini, faini ni nini, mapato yanagawanywa vipi. Hicho kipengele cha mapato mkikiruka leo kwa kuogopa ugomvi, mtakiandika kesho mkiwa tayari mmeshagombana.

Ndipo mnafika kwenye mipaka. Tembeeni. Wazee wa pande zote mbili, na vijana wenye simu ya kuchukua vipimo vya GPS vya kila mahali, waende pamoja kutoka alama hadi alama: laga (mto mkavu wa msimu), kilima, kisima cha zamani, mti unaojulikana kwa jina. Kila mahali mnapokubaliana, andikeni na mtie saini hapohapo. Mkirudi nyumbani kwanza, mtu atakuwa amebadilishwa mawazo. Mahali msipokubaliana, andikeni kwamba panazozaniwa, muendelee mbele. Mzozo wa ukanda mmoja usiwazuie kupata makubaliano ya upande uliobaki.

Hofu kubwa ya majirani ni kwamba hati itawafungia maji na malisho ya kiangazi. Hofu hiyo ina haki. Kwa hiyo makubaliano ya mpaka yaambatane na makubaliano ya matumizi: nani anaruhusiwa kunywesha wapi, mwezi gani, kwa njia ipi. Tumeona mzozo uliokaa miaka ukilegea mara tu ukurasa huo wa pili ulipoandikwa.

Wizara ya ardhi ikishaanza kuhakiki, hutolewa tangazo la siku 60 kwa yeyote mwenye dai alilete. Msikae mkingoja siku ziishe. Zitumieni kuwafuata wale mnaojua wana manung'uniko. Dai linalojibiwa ndani ya siku 60 hujibiwa ofisini. Linalokuja baadaye hujibiwa na wakili.

Sasa majengo. Ndani ya ardhi yenu kuna shule, zahanati, josho, kisima cha mashine, ofisi ya chifu, labda ukumbi ambao baraza la wilaya la zamani liliujenga na kuusahau. Yaorodhesheni yote kabla ya upimaji, pamoja na ukubwa wa kiwanja, aliyejenga na anayetumia. Shule na zahanati zinazofanya kazi zikatiwe viwanja vyao na zibaki za umma. Kuna jamii zinazotaka kumeza kila kitu ndani ya hati moja, na matokeo yake ni kwamba bajeti ya darasa jipya inapokuja, serikali inasita kujenga kwenye ardhi ambayo si yake. Acheni pia barabara na njia za mifugo ziwe wazi, zenye upana ulioandikwa kwenye ramani.

Josho lililokufa, ukumbi, ghala na kisima ndivyo vinavyofaa kuombwa, lakini angalieni mnachopewa. Mali ya kaunti haihami kwa barua ya afisa mmoja mwenye roho nzuri. Kuna utaratibu wa kuiondoa chini ya Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015, na bila huo afisa anayefuata atakuja kuidai. Kwenye jengo, pandeni juu muone paa. Vigae vya asbesto kwenye majengo ya zamani ni gharama na hatari, na ni afadhali kaunti iviondoe kabla ya makabidhiano. Mita ya umeme iko kwa jina la nani, na deni lake ni kiasi gani? Mita ya tokeni iliyo kwa jina la mkandarasi aliyeondoka inaweza kula miezi ya kufuatilia. Kwenye kisima ulizeni kina chake, rekodi ya maji kwa saa, pampu iliwekwa mwaka gani, na kama inaendeshwa kwa dizeli, lita ngapi kwa siku ya kiangazi. Kisima kisicho na majibu hayo ni mzigo uliofungwa utepe.

Kwa ardhi iliyoandikwa kuwa ya umma, hasa msitu, njia ni ndefu zaidi. Katiba inatambua ardhi za mababu za wawindaji na warina asali kuwa ardhi ya jamii, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, ushindi Mei 26, 2017, kisha Juni 23, 2022 ikaagiza wapimiwe na kupewa hati. Kushinda hakukuwapa hati mara moja. Jamii iliyo kwenye hali kama yao iweke pesa za wakili wa miaka mingi, na ianze kukusanya ushahidi wa mizinga, makaburi na mahali pa matambiko wakati wazee wangali hai.

Wale wa ranchi za vikundi wasikie hili kwa makini. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinawazuia wawakilishi wa zamani kuuza, kukodisha au kugeuza ardhi kuwa ya binafsi kabla jamii haijasajiliwa. Mwenyekiti anayewaletea mnunuzi sasa hivi hana mamlaka hayo, hata kama muhuri bado uko mfukoni mwake. Chukueni muhuri.

Wawekezaji nao huwa hawangoji hati. Mkataba wowote wa uwekezaji chini ya kifungu cha 36 unahitaji thuluthi mbili ya mkutano mkuu, si kamati. Miradi ya kaboni inayotumia ardhi, ile ya kutunza malisho au miti na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa, kwa marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, inatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Mnaodhani utaratibu ni wa makaratasi tu, angalieni Loiyangalani, Marsabit: Oktoba 2021 mahakama ya ardhi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo zilitolewa bila kufuata sheria ya kutenga ardhi ya amana. Mitambo ilikuwa imeshasimama na umeme unauzwa.

Hati ikitoka, ifanyieni utafutaji kwenye masjala mara moja mhakikishe jina la jamii na ekari vimeandikwa sawa. Nakala asili iwekwe benki kwa saini tatu, nakala zilizothibitishwa zikae kwa katibu na kwa msajili. Wiki hiyohiyo iandikieni kaunti barua mkidai hesabu ya fidia yoyote iliyokuwa ikiwashikia, mkiambatisha hati na nambari ya akaunti, na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.