Kichwa cha Kitanda cha Futi Tatu: Pima Mlango Kwanza

Chumba cha binti yangu, katika nyumba tunayopanga hapa Dar es Salaam, kina ukuta mmoja tu unaofaa kuwekwa kitanda, na ukuta huo una urefu wa inchi 110. Mwishoni mwake upo mlango wa upana wa inchi 32 unaofungukia ndani. Vipimo hivyo sikuvichukua kabla ya kununua kitanda chake cha kwanza; nilivichukua baada ya fundi kumaliza kukifunga na mlango kukwama katikati.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha futi 3 kwa 6, kipimo cha kawaida cha mtu mmoja, na pamoja na kitakizo cha miguuni kilichukua inchi 74. Kilichotuponza ni kichwa chake, yaani ule ubao wa upande wa mchago, ambao ulikuwa umetengenezwa kama kabati la rafu lenye kina cha inchi 10, na mbele yake kuvalishwa sponji na ngozi ya bandia. Jumla ikawa inchi 84, zikabaki 26 kwa mlango unaohitaji 32. Kichwa bapa cha unene wa inchi 2 kingetuachia inchi 34, na mlango ungefunguka wote.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeniomba ushauri kuhusu chumba kidogo mimi humwambia aulizie unene kabla ya rangi, nakshi au aina ya mbao. Dukani kitanda hutazamwa kwa mbele, tena katika ukumbi mpana, na unene hauonekani. Chukua futikamba, pima urefu wa ukuta, kisha toa urefu wa kitanda, nafasi ya mlango na ya milango ya kabati inapofunguliwa, halafu uone ni inchi ngapi zinabaki kwa kichwa cha kitanda. Ukiwa na shaka, kata boksi kwa ukubwa wa kile unachokitaka, lisimamishe mahali pake, na uishi nalo siku mbili. Nafanya hivyo sasa kwa kila samani, na boksi limeniokoa zaidi ya mara moja.

Jambo la pili ni sponji, na hapa nina msimamo mkali. Najua vichwa vilivyovalishwa vinapendeza na ni laini kuegemea. Lakini katika joto la pwani, jasho na mafuta ya nywele huishambulia ngozi ya bandia pale pale kichwa cha mlalaji kinapogusa. Yetu ilianza kubambuka kabla ya mwaka wa pili kwisha. Baya zaidi lilikuwa kunguni. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu na mwili bapa, na hupenda kujificha karibu kabisa na mahali mtu anapolala, kwa hiyo mikunjo, vifungo na mishono ya kichwa cha sponji ni makazi yake kamili. Tulifua mashuka kwa maji ya moto, tukaanika godoro juani, tukapuliza dawa, na bado mtoto aliamka na alama mikononi. Tulipobandua kitambaa cha nyuma cha kile kichwa ndipo tulipoyaona mayai. Iliniuma sana kwamba wiki zote zile nilikuwa nikisafisha kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa karibu na uso wake.

Kichwa cha sasa nilikichongesha Keko, mtaa wa mafundi wa samani hapa Dar es Salaam. Ni cha mbao tupu, fito tano za wima kati ya mbao mbili za ulalo, na kila upande unafikika kwa kitambaa chenye unyevu. Fundi alipendekeza mninga, ambao ukishakauka hauchezi wala haupindi kirahisi, ingawa bei yake si ya kila mtu. Paini nayo inafaa mradi iwe imekauka vizuri. Mbao mbichi husinyaa, viungo vikalegea, na kitanda kikaanza kulia kila mlalaji anapogeuka, kisha nyufa za viungo hivyo zikawa maficho mengine ya wadudu.

Kuhusu kimo, usipime kutoka sakafuni peke yake. Chaga zetu ziko inchi 14 juu ya sakafu, na godoro lina unene wa inchi 6, kwa hiyo uso wa godoro unafika inchi 20. Binti yangu husoma akiwa ameketi kitandani, naye alihitaji inchi 22 za kuegemeza mgongo, ndiyo maana tukachonga kichwa cha inchi 42. Kwa mtu wa kulala tu, inchi 32 au 34 zinatosha. Iwapo kitanda kitakaa chini ya dirisha, kichwa kiishie chini ya kizingiti chake cha chini, kwa kuwa katika chumba kidogo upepo wa dirisha hilo moja ndio usingizi wenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni chandarua. Chandarua cha duara kinachoning'inia darini lazima kichomekwe chini ya godoro pande zote, na upande wa mchago ndio mgumu kuliko zote. Mwambie fundi aache nafasi ya kiganja kupita kati ya godoro na kichwa, bila kuipanua kiasi cha mto kuangukia humo.

Mwisho, kichwa kifungwe kwenye mifumbati, yaani zile mbao ndefu za ubavuni, kwa bolti na nati, si kwa misumari, na kisitegemee kutoboa ukuta. Sisi wapangaji tunahama, na kitanda kinachofunguliwa kwa spana moja hupita kwenye mlango wowote.