“Injini ikizima si tutateleza?” Fundi wa ndege anajibu

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Bavaria, Ujerumani. Mimi na wenzangu watatu wa klabu tumenunua glaida ya injini (ndege nyepesi ya kuteleza angani, ila hii ina injini yake), HK 36 R Super Dimona yenye injini ya Rotax 912 A. Tulipopitia makaratasi tukakuta kuna agizo la usalama la mwaka 2016 linalotaka floti za kabureta, vile vielea vinavyodhibiti kiasi cha mafuta ndani ya bakuli lake, zibadilishwe. Kitabu cha injini kinaonyesha kabureta zilifunguliwa na kuwekwa floti mpya mwaka huohuo, lakini hakuna palipoandikwa kama ni kwa ajili ya agizo hilo, wala namba ya spea. Mzee mmoja hapa klabuni, bingwa wa kabureta za pikipiki, amezitoa akazipima: kila jozi iko chini ya gramu 7. Anasema tuziache, hiyo ni biashara ya kiwanda kuuza spea, na hata injini ikizima hii ni glaida, tutateleza tu. Anasema kweli?

JIBU: Marahaba. Hapana, hasemi kweli. Hiyo Super Dimona ibaki bandani mpaka floti zibadilishwe, au ithibitike kwa maandishi kwamba hazimo katika kundi lililotajwa na agizo.

Nianze na mizani, maana hapo mzee wenu amechanganya magonjwa mawili. Gramu 7 ni namba ya kweli, imo kwenye mwongozo wa matengenezo wa Rotax: floti mbili za kabureta moja, zikipimwa pamoja, zisizidi hapo. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya floti zinazokunywa mafuta. Floti ikinywa mafuta inakuwa nzito na kuzama, vali ya sindano inachelewa kufunga, na mafuta yanapanda ndani ya bakuli hadi yanamwagika nje. Tatizo hilo ni la siku nyingi na mizani inalikamata vizuri.

Agizo la 2016 linahusu kitu kingine kabisa. Katika utengenezaji wa baadhi ya floti iligundulika kasoro ya ubora: ngozi ya nje ingeweza kubanduka injini ikiwa kazini, na vipande vyake vikaenda kuziba jeti za kabureta, yaani vitundu vyembamba vinavyopitisha mafuta kwenda kwenye injini. Hapo injini inakohoa, au inazima ghafla. Sasa jiulizeni, kipande kinachotosha kuziba kitundu cha jeti kina uzito gani? Floti iliyoanza kubanduka itakuwa nyepesi zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani, na mizani ya mzee itaipitisha bila wasiwasi wowote. Amepima ugonjwa ambao hamkuulizwa, akawapa cheti cha afya kwa ule mlioulizwa. Na jeti ndizo zinazoilisha injini mafuta, hata mnapopunguza nguvu, kwa mfano mkija kutua. Mkitaka nguvu tena kwa sababu kuna trekta limekatiza uwanja, ndipo mtakapojua kama zimeziba.

Ndiyo sababu agizo halimwombi mtu apime wala aangalie kwa macho kisha aamue. Linataja spea zinazohusika na kusema zitolewe.

Sasa nije kwenye sentensi ambayo inanichosha kuliko zote katika kazi hii: “injini ikizima tutateleza.” Naisikia kwa wanafunzi, naisikia kwa marubani waliozeeka kwenye glaida, na mara nyingi anayeisema ana agizo fulani kwenye faili ambalo hajalitekeleza. Naomba muisikilize vizuri, maana ndani yake kuna dhana kwamba injini ya glaida ina njia moja tu ya kuharibika: inanyamaza kwa adabu, juu sana, siku ya hewa tulivu, uwanja ukiwa chini yenu.

Super Dimona inateleza takribani mita 27 mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Namba hiyo ni ya hewa tulivu, mwendo sahihi, na propela imelazwa isikamate upepo. Injini ikiwafia kwenye mita 60 baada ya kuacha njia ya kurukia, hamna muda wa kupanga hayo yote, wala nafasi ya kugeuka salama kurudi mlikotoka. Mtatua mbele, popote palipo mbele. Kwenye viwanja vingi vya glaida huko Ulaya, mbele kuna msitu, barabara au kijiji. Glaida isiyo na injini haijikuti katika hali hiyo kwa sababu ya spea ya kabureta. Ninyi mnajikuta huko kwa sababu mlipaa kwa nguvu ya hiyo injini.

Tena injini mbovu si lazima inyamaze. Rotax 912 ina kabureta mbili, kila moja inalisha silinda mbili za upande wake. Kabureta moja ikifurika au ikiziba, upande mmoja unavuta na mwingine unasuasua, na mtikisiko wote unakwenda kwenye giaboksi inayobeba propela. Mafuta yanayomwagika nayo lazima yaende mahali. Kwa nini mnadhani Rotax wanataka kuwe na sahani ya kukinga matone chini ya kabureta? Ni kwa sababu chini yake kuna mabomba ya moshi yenye moto. Ndege yenu imejengwa kwa nyuzi na gundi ya plastiki, na gundi hiyo hupoteza nguvu ikipata joto kali, kabla hata ya kushika moto. Hakuna uwiano wa kuteleza unaomsaidia rubani aliyekaa nyuma ya injini inayowaka.

Mwaka 2013 lilitoka agizo kwa glaida za DG-1000T zenye injini ya Solo 2350 C. Mhimili ulikuwa umevunjika na propela ikajitenga na injini. Kwenye glaida ya aina hiyo, injini inachomoza juu ya mgongo, nyuma ya marubani na mbele ya mkia. Propela iliyokatika hapo haitoi taarifa inaelekea wapi. Mwambieni mzee awaeleze jinsi ya kuteleza bila mkia.

Na kwa wenye injini zinazokunjwa na kuingia mwilini, msidhani ninyi mmesalimika zaidi. Injini ikigoma ikiwa imechomoza nje, ule mlingoti unaoibeba na propela vinakamata upepo, na glaida ya mbawa ndefu inayojivunia kuteleza 50 kwa 1 inapoteza sehemu kubwa ya uwiano huo. Rubani aliyekuwa amehesabu kufika uwanjani anagundua hesabu yake ilikuwa ya glaida nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba rubani huyuhuyu, akiwa angani jioni hewa ya kupanda ikiisha, anavuka msitu kilomita nyingi akiwa chini, kwa sababu moyoni anajua ataiwasha injini. Angani anaitegemea kwa maisha yake. Akirudi bandani anasema haina umuhimu. Achague moja.

Hilo la “biashara ya kiwanda” nalo lina majibu yake. Kiwanda hutoa waraka wa kiufundi, na waraka peke yake mara nyingi ni ushauri tu. Agizo la usalama, lile mafundi tunaloliita AD, hutolewa na mamlaka ya serikali baada ya kuona kuna hali isiyo salama ambayo huenda ipo au ikatokea kwenye ndege nyingine za muundo huo. Kwa Ulaya mamlaka hiyo ni EASA, yenye makao Köln. Rotax inatengenezwa Gunskirchen, Austria, kwa hiyo EASA ndiyo inayotangulia, na mamlaka za nchi nyingine hupokea taarifa kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Marekani kanuni ni kali na fupi: ukirusha ndege ambayo haijatimiza agizo, kila safari inahesabika kuwa kosa lake peke yake. Kwenu Ujerumani, ndege yenye agizo lisilotimizwa haistahili kuruka, hata kama cheti chake cha mapitio ya kila mwaka bado hakijaisha. Ajali ikitokea, mtu wa kwanza kufungua faili lenu kutafuta ukurasa huo ni wa bima.

Na kwa kuwa mzee ameshazitoa, niliseme hili bila kuzunguka. Kanuni za Ulaya zinamruhusu rubani mwenye ndege kufanya baadhi ya matengenezo madogo, lakini kazi inayofanywa kutimiza agizo la usalama haimo, isipokuwa agizo lenyewe liseme anaruhusiwa. Kuijua kabureta ya pikipiki ni ujuzi mzuri. Kabureta za Bing, kampuni ileile ya kabureta za Rotax yenu, zimefungwa kwenye pikipiki za BMW miaka mingi, na kila mwenye pikipiki ya zamani anadhani anaijua Rotax. Pikipiki ikikohoa unaegesha pembeni. Nimeona floti zilizopakwa gundi “zisinywe mafuta.” Nimeona floti za duka la mtandaoni zilizokuja ndani ya mfuko wa nailoni bila karatasi yoyote, na aliyeziweka akaniapia kuwa ni zilezile. Zilezile kwa jicho la nani? Kasoro ya 2016 ilipita kwenye kiwanda chenye wakaguzi. Mfuko wa nailoni umekaguliwa na nani?

Spea ya injini iliyothibitishwa inakuja na cheti chake, kwa Ulaya ni Fomu 1 ya EASA. Pasipo hicho cheti, fundi mwenye leseni hawezi kuisaini, na akiisaini mtafute mwingine, kwa sababu huyo atasaini na mengine.

Kuna wimbo mwingine unaofanana na huu: “Injini bado changa, ina masaa machache.” Glaida za injini zinaruka kidogo, zinalala sana. Mpira haujali saa zilizoandikwa kwenye mita, unazeeka ukiwa umelala. Rotax wanataka mipira yote ya injini, yaani mabomba ya mafuta, ya maji na vishikio vya kabureta, ibadilishwe kila miaka 5, hata kama mmeruka mara chache tu. Injini ya masaa machache iliyokaa bandani miaka mingi naiogopa kuliko ile inayoruka kila wikiendi, na mnunuzi anayeshangilia masaa machache bila kuuliza tarehe amenunua nusu ya habari.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tafuteni agizo lenyewe kwenye tovuti ya EASA, ni bure, mlisome lote pamoja na sehemu inayoeleza linahusu injini, kabureta na spea zipi. Msiishie kutafuta kwa jina la ndege. Tafuteni kwa jina la ndege, kisha la injini, kisha la propela, kwa sababu maagizo hukaa kwenye majalada tofauti. Marekani, kwa mfano, maagizo ya 912 A hutolewa kwa jina la ndege mbalimbali zinazotumia injini hiyo, na anayetafuta injini tu anaweza kuyapita. Mkiwa huko, andikeni orodha nzima ya maagizo ya ndege yenu tangu ilipotengenezwa na muilinganishe na vitabu. Faili lililokosa ukurasa mmoja huwa limekosa na mwingine, na aliyewauzia hakuwa na sababu ya kuwaonyesha.

Floti mpya mwaka 2016 ndilo jambo linalonitia shaka zaidi kwenye barua yenu, kwa sababu agizo lilihusu pia floti zilizouzwa kama spea. Mnaweza kuwa na injini ya miaka ya 1990 yenye floti zilezile zinazotafutwa. Mwombeni aliyewauzia risiti na cheti cha hizo floti. Akivipata na vikaonyesha haziko kwenye kundi, fundi ataandika hivyo kitabuni kwa kutaja agizo, na kazi imekwisha bila kununua chochote. Asipovipata, badilisheni. Floti ni miongoni mwa spea za bei ndogo kwenye ndege hiyo, na gharama mkiigawana watu wanne sioni hoja ya kuendelea kubishana.

Ingizo la kitabuni liwe kamili: namba ya agizo na toleo lake, tarehe, masaa ya injini, kilichofanyika, namba ya spea iliyowekwa, jina na namba ya leseni ya fundi. “Floti zimebadilishwa, ziko sawa” halitoshi, na ndilo kosa lililowafikisha hapa. Bakuli zikiwa wazi, mwambieni fundi asafishe jeti zote na aangalie kama kuna vipande vyeusi chini ya bakuli. Akivikuta, avihifadhi na taarifa ipelekwe kwa mamlaka, maana kuna wenye injini kama hiyo ambao bado hawajafungua kabureta zao.

Kama kuna mmoja wenu ambaye ana sababu ya kiufundi ya kufanya tofauti na agizo linavyosema, njia ipo: anaiandikia mamlaka, anaeleza mbadala wake na jinsi unavyotoa usalama uleule, anasubiri jibu. Mizani ya jikoni klabuni si mbadala unaokubalika. Mkipata zile risiti na namba ya spea haieleweki, nitumieni picha tuisome pamoja kabla fundi hajaagiza chochote.