Mnunuzi Hanunui Ganda: Kwa Karani Mgeni wa Korosho

Msimu ukikaribia, vyama vya msingi vya ushirika kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Liwale huchukua vijana wapya wa kupokea korosho. Wengi hufika wamejiandaa kwa nje: shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, simu ya kioo kikubwa. Si vibaya. Ila kazi hii ni ya kupasua, na jicho lako litakudanganya kila siku mpaka ulifundishe.

Anza na mng'ao. Korosho iliyonona, inayoteleza kiganjani, humvutia mgeni. Mara nyingi hayo ni maji. Iliyoanikwa juani siku mbili tatu hufifia, ikawa ya kijivu na ya kawaida kabisa kuitazama. Kwa hiyo usiitazame, itikise karibu na sikio: kokwa kavu hugonga ndani ya ganda. Kisha bonyeza kwa ukucha. Ikiacha alama, irudi mkekani. Kipimo cha unyevu kikiwepo, kisizidi asilimia 10.

Ukipokea mbichi kwa sababu zinapendeza, hesabu ni hii: gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 14, likikaukia ghalani hadi asilimia 9, linabaki na kilo 75.6 hivi. Zile kilo nne na ushee hakuna aliyeziiba, lakini barua ya kujieleza itakuja kwako. Na hapo tunazungumzia uzito tu. Ukungu nao hauishii kwenye gunia moja, hasa kama magunia yamelazwa sakafuni bila chaga au yameegemezwa ukutani.

Sehemu ya juu ya gunia ndiyo shati la gunia. Kuna mchezo wa siku nyingi: nzuri juu, zilizonyeshewa katikati, changarawe chini. Chomeka bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli, juu, katikati na karibu na kitako, kila gunia. Mzigo ukiwa mdogo, mwaga wote kwenye turubai. Ni haraka kuliko kubishana. Sampuli zote zichanganye, zigawe mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, changanya tena, endelea hivyo mpaka ibaki kilo moja.

Hesabu punje za kilo hiyo. Zikiwa 180 hadi 200, ni kubwa za kuridhisha. Zikipita 220, ni ndogo. Usifurahi bado. Punje kubwa inaweza kuwa na ganda nene na kokwa iliyosinyaa, hivyo pasua zote, moja moja, kwa mkasi wenye makali. Vaa glavu. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na ukijifuta jicho kwa mkono huo utaikumbuka korosho mpaka msimu ujao.

Kokwa zitenge mafungu matatu: safi na zilizojaa, zenye madoa au zilizosinyaa kiasi, na zilizooza, zenye ukungu au zilizoliwa na wadudu. Fungu la kwanza hesabu uzito wake wote, la pili nusu, la tatu usihesabu kitu. Tuseme safi ni gramu 265 na zenye kasoro gramu 20. Una 265 na 10, jumla 275. Zidisha kwa 80, unapata gramu 22,000 za kokwa kwa gunia. Gawanya kwa 453.6 ili upate ratili: 48.5. Mnunuzi anaitaka namba hiyo, awe hajawahi hata kuliona ganda la korosho yako.

Ikishuka, tafuta sababu kabla ya kulaumu. Madoa mara nyingi huanzia mtini, kwa ugonjwa wa ubwiri unga au mdudu aitwaye mbu wa mikorosho. Kokwa changa huonyesha mabibo yaliangushwa kwa ufito badala ya kusubiriwa yaanguke yenyewe. Mvua za Novemba na Desemba zikikuta korosho chini ya mti, ganda hubaki zima huku ndani kunageuka manjano. Ndiyo maana mizigo ya mwisho wa msimu inahitaji kupasuliwa kwa makini kuliko ya mwanzo.

Sasa watu. Atakuja bibi na gunia lenye viraka, atakuja na kijana mwenye pikipiki mpya anayekuita bosi. Viraka havina daraja. Wote wapite kwenye bambo, na foleni ni moja. Korosho za bibi zikiwa na maji, usimkatalie toka mezani. Inuka, mwamkie, pasua tano mbele yake, mwekee kiganjani aone: "Shikamoo bibi. Hizi bado hazijakauka, tuzianike hapa uwanjani mpaka kesho." Atakuelewa kuliko ukimsomea namba. Kwa yule kijana, fungua daftari la wakulima. Mwenye mikorosho 30 hawezi kuleta magunia 60. Hizo zina harufu ya kangomba, yaani korosho zilizonunuliwa kwa wakulima kinyemela, na ukizipokea kwa sababu kakununulia soda, wewe ni mshirika wake. Mpigie katibu wa chama kabla hujaandika chochote.

Mizani nayo ina sura yake. Kioo kinachosoma sifuri hakijathibitisha kitu. Kila asubuhi weka jiwe la kilo 20 katikati, halafu kwenye kila kona. Namba ikibadilika, usipime mzigo wa mtu. Uzito wa gunia tupu usiukisie: pima kumi pamoja, gawanya kwa kumi.

Mwisho, daftari. Makarani wageni hupenda kunakili upya jioni ili kurasa ziwe safi, bila mkwaruzo. Acha. Mkaguzi akikuta msimu mzima umeandikwa kwa wino mmoja na mwandiko uliotulia, huanza kuuliza maswali. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika namba iliyo sahihi pembeni, tia saini, na mkulima mwenyewe atie yake kabla hajaondoka na stakabadhi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na kidau cha wino kikague asubuhi maana hukauka.